Stori ya mauaji ya Krismasi gesti imegoma? Tafuta dalili yako hapa

Hii ni kwa wale mnaoandika stori za upelelezi za zamani, zile tulivu, mtu anakufa lakini damu haimwagwi ukurasani, wageni wamejikuta gesti moja kando ya ziwa, ni Krismasi, na anayefumbua fumbo siyo polisi bali mama mpishi au katekista au mwalimu mstaafu. Huku Mwanza naona watu wengi wameipenda aina hii na mimi mwenyewe naipenda mno, ila rasimu ninazoletewa nisome zinakwama sehemu zilezile, mwandishi anabadilika, mwaka wa stori unabadilika, tatizo linabaki palepale. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili. Tafuta ile unayolalamikiwa na wasomaji wako, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayotokea sana, cheki vitu vidogo kwanza, na tafadhali usifute chapta nzima kabla hujamaliza kucheki. Kuna sehemu nimeandika SIMAMA, hizo msiziruke, hapo kazi inamhitaji mtu mwingine.

Dalili: "Muuaji nimemjua mapema sana"

Hii inaongoza kwa mbali. Sababu kubwa ni kwamba umemchagua muuaji kwa sura. Una wageni saba, sita wapole wanaosalimia vizuri, mmoja mnunuzi wa pamba anayefokea wahudumu na kutupa sahani, basi hata mtoto wa darasa la tano atakutajia. Na mara nyingi huyo mmoja ni Mhindi wa dukani au Mzungu wa mgodini, yani umemkamata mtu kwa sababu ni mgeni kwa wengine, hapo umemwonea yeye na msomaji umemnyima kazi ya kufikiri.

Cheki rahisi: chukua karatasi, andika majina yote, mbele ya kila jina andika sababu moja ya kumtaka marehemu asiwepo. Jina likibaki wazi hapo ndo pa kuanzia. Na kwetu sababu hazikosekani jamani. Mizani tu ya pamba inatosha kitabu kizima, wakulima wa Usukumani walilalamika miaka na miaka kuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, ni moja ya mambo yaliyozaa vyama vya ushirika mpaka shirikisho la vyama hivyo, VFCU, likaundwa 1955, kwa hiyo karani wa mizani ana watu wa kumchukia kila kijiji na wengi wao ni watu wazuri kabisa wanaosali. Kuna almasi za Mwadui tangu Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipozigundua 1940, jiwe linaloweza kushonewa kwenye pindo la kanzu na dobi ndo akawa wa kwanza kuligusa. Kuna dhahabu ya Geita. Kuna siasa pia, TANU, chama kilichokuwa kinadai Uhuru, ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, ukiweka stori yako Krismasi ya 1956 basi kila mwenye kadi ana siri, na mwenye siri anadanganya kuhusu alikuwa wapi usiku hata kama hajaua mtu. Hao ndo washukiwa wazuri, wanaodanganya kwa sababu nyingine.

Sababu ya pili, kidokezo chako kimesimama peke yake barazani. Umeandika "mezani palikuwa na chupa ya dawa ya panya" na sentensi ikaishia hapo, sasa msomaji afanyeje zaidi ya kuiangalia? Kidokezo kinafichwa katikati ya vitu vingine na baada yake kinakuja kitu chenye kelele. Chukua daftari la mama mpishi: mchele pishi nne, samli, iliki, sabuni ya kipande, mafuta ya taa, dawa ya panya, zabibu, nazi mbili. Halafu hapohapo mama mpishi anamgeukia kijana aliyetoka sokoni, "Nazi mbili? Nimekutuma nane, pilau ya watu ishirini naipika na mate?" Ugomvi unaendelea nusu ukurasa, watu wanacheka, msomaji anakumbuka nazi. Dawa ya panya ameiona kwa macho yake na imepita.

Sababu ya tatu hutokea mara chache, mpelelezi wako anamwangalia muuaji sana. Hesabu mara ambazo macho yake yanatua kwa kila mgeni, halafu sawazisha.

Ukishacheki yote na bado wanamjua, usikimbilie kubadilisha muuaji maana utalazimika kuhamisha kila kitu. Mpe kazi ya kusaidia. Yeye ndo ashike taa ya chemli wakati mwili unatazamwa, yeye ndo ajitolee kwenda kumwamsha padre, na wakati anafanya hivyo afanye kweli kwa moyo. Watu waovu kwenye stori hizi wanatakiwa wawe na mikono inayofanya kazi nzuri.

Dalili: "Mwisho umenidanganya"

Msomaji amemaliza na amekasirika. Sababu ya kwanza, kitu kilichomkamatisha muuaji hakikuwahi kuonekana kabla ya chapta ya mwisho. Cheki: soma hotuba ya mwisho ya mpelelezi wako, pale anapokusanya watu sebuleni, na kila anaposema "niliona" rudi nyuma utafute ukurasa ambao na msomaji aliona. Kama haupo, uandike. Kazi ya jioni moja hiyo, haihitaji kubomoa kitu.

Kwa mfano una mgeni anayesema ameingia kwa treni kutoka Tabora. Chumbani kwake kijana wa usafi anakuta senene wa kukaangwa wamefungwa kwenye jani la mgomba, anakula wawili watatu anafunga tena. Novemba na Desemba ni msimu wa senene Bukoba, na mtu wa Bukoba akisafiri msimu huo hatoki mikono mitupu. Kwa hiyo huyu bwana amekuja kwa meli, siyo kwa treni, na alikuwa Mwanza mapema kuliko anavyosema. Kama tukio la kijana kula senene lipo chapta ya pili, likiwa limeandikwa kama tamaa ya kijana tu, mwisho wako umesimama. Kama mpelelezi anawataja senene kwa mara ya kwanza sebuleni, umemdanganya msomaji na ana haki ya kukasirika.

Sababu ya pili, mganga kafumbua. Hii naiona sana huku kwetu na naelewa inatoka wapi, mganga ni mtu wa kweli kwenye jamii yetu na stori ya Usukumani ya miaka hiyo bila yeye ina pengo. Muweke, mheshimu, awe anajua mambo ya watu wote maana wote wamepita kwake kwa siri, huo ni utajiri mkubwa wa upelelezi. Ila anachojua akijue kwa sababu alikiona au aliambiwa. Akishatoa jina la muuaji kwa ramli, msomaji aliyekuwa anahangaika na vidokezo vyako anajiona mjinga.

Sababu ya tatu, muuaji ameingia nusu ya kitabu. Mrudishe mwanzo, hata kama ni kuonekana mlangoni na kuuliza chumba.

Sababu ya nne, sumu yako haipo duniani au haifanyi ulichoandika. Ukitaka kitu cha zama hizo, majosho ya ng'ombe ya zamani yalitumia aseniki, na mtu aliyelishwa aseniki anatapika na kuhara kiasi kwamba watu wataona ni tumbo tu la vyakula vya sikukuu, ndo maana inafaa kwenye stori. SIMAMA hapo. Muda gani mtu anachukua, anaonekanaje, nani anaweza kupona, muulize daktari au mfamasia na umwambie wazi ni kwa ajili ya hadithi. Na vipimo usiviandike kabisa, stori haivihitaji.

Dalili: "Kwa nini hawaondoki tu?"

Kumetokea kifo, muuaji yumo ndani, na wageni wanaendelea kunywa chai. Sababu ya kawaida kuliko zote, umeazima theluji bila kujua. Stori nyingi za aina hii zilizaliwa Uingereza ambako theluji inafunga njia na nyumba inabaki kisiwa, wewe ukatoa theluji lakini hukuweka kitu pale ilipotoka. Cheki: orodhesha njia zote za kutoka kwenye gesti yako, mguu, baiskeli, gari, mtumbwi, meli, treni, na kila moja iwe na sababu ya kutotumika au mtu aliyeitumia akarudi na habari.

Ukiniuliza mimi, Krismasi ya kuandikia ni ya 1961. Uhuru umepatikana tarehe 9 Desemba, Jumamosi, na Krismasi imeangukia Jumatatu, siku kumi na sita tu baadaye, watu bado wana furaha na wasiwasi kwa pamoja, Mzungu hajui kama abaki, karani hajui kama atapanda cheo. Na mvua sasa! Mwishoni mwa 1961 Afrika Mashariki ilipigwa mvua isiyo ya kawaida, ziwa likaanza kupanda na mpaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Hebu fikiria gesti iliyojengwa karibu na maji, kila asubuhi mwenye nyumba anasimama kwenye ngazi anaangalia jiwe ambalo jana lilikuwa kavu. Barabara ni tope, daraja dogo la kijito limeenda, reli wanasubiri habari. Hiyo inafunga nyumba vizuri kabisa na imetoka hapahapa.

Kingine, weka gesti kisiwani, Ukerewe kwa mfano. Dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri, na mvuvi yeyote mwenye akili hatoi mtumbwi kwa sababu mgeni wa mjini ana haraka. Hapo huhitaji hata kueleza sana.

Sababu ya pili ni kuwa watu wako hawana uzito wa kubaki. Hata njia ikiwa wazi mtu anaweza asiondoke, mama ana mgonjwa ndani, mzee anasubiri hela yake kutoka kwa marehemu, bibi harusi mtarajiwa akiondoka itasemwa amekimbia. Sababu za namna hii zinashinda mvua. Weka zote mbili.

Dalili: "Hii siyo miaka hiyo"

Hapa ndo kuna makosa mengi na ndo panaponiuma zaidi kwa sababu ni rahisi kuzuia. Sababu namba moja: tumekulia kwenye Mwanza ya leo na tunadhani ziwa limekuwa hivi siku zote. Halikuwa.

Anza na mezani. Mkesha wa Krismasi 1930, mama mpishi analeta sangara wa kukaanga. Hapana. Sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na kwetu akaja kujaa miaka ya 1980, kwa hiyo mzee wa 1930 hajawahi kumwona. Wape ngege, ningu, kambare, kamongo, furu, dagaa, hao ndo walikuwepo. Halafu mwili: rasimu nyingi zinaficha mwili chini ya magugu maji. Magugu maji yameingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Marehemu wako wa 1950 afichwe kwenye matete au mafunjo, na matete ni mazuri zaidi kwa upelelezi kwa sababu yanavunjika na yanaonyesha mtu amepita wapi na ameburuta nini.

Mwili kupelekwa hospitali ya Bugando kufanyiwa uchunguzi mwaka 1961, haiwezekani, Bugando imefunguliwa 1971. Kuvuka ghuba ya Mwanza toka Kigongo hadi Busisi kwa daraja, daraja ni la 2025. Mtu kusema "sisi Watanzania" Krismasi ya 1961, nchi ilikuwa Tanganyika, jina Tanzania ni la 1964. Treni kuingia Mwanza 1920, reli imefika 1928, kabla ya hapo mgeni wa kutoka pwani angeweza kupanda treni ya Uganda mpaka Kisumu halafu meli. Meli ya Victoria ilianza kazi 1961, kwa hiyo Krismasi hiyo bado inanukia rangi na kila aliyeipanda anataka kuisimulia, hiyo itumieni. Hela nazo: wakati wa Mjerumani ni rupia na heller, shilingi ya Afrika Mashariki imeanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi yetu wenyewe ni 1966. Na pamba jamani, Desemba watu wanapanda, hawauzi, ukiweka foleni ya kuuza pamba siku ya mkesha kila Msukuma atafunga kitabu.

Sababu ya pili ni nani anaruhusiwa kulala wapi. Kabla ya Uhuru hoteli ya Wazungu haikumpokea Mwafrika kama mgeni, aliingia kwa mlango wa jikoni. Ukiweka mkulima wa Magu na Bwana DC, yani mkuu wa wilaya wa Kizungu, meza moja mwaka 1935 wanataniana, stori imevunjika. Rekebisho dogo: hamisha mwaka uende 1961 na kuendelea. Rekebisho kubwa, ambalo mimi nalipenda zaidi, acha mwaka palepale na umhamishe mpelelezi jikoni. Mtu anayeleta chai anasikia kila kitu na hakuna anayenyamaza akiingia, maana kwao ni kama hayupo. Mama mpishi wa mwaka 1935 anajua mambo mengi kuliko inspekta.

Sababu ya tatu ni kalenda. Cheki siku ya juma ya Krismasi yako kabla hujaandika mstari. Ya 1961 mkesha ulikuwa Jumapili, kwa hiyo mgeni anayesema alienda posta kupiga telegramu siku ya mkesha, tayari una kidokezo, posta Jumapili imefungwa. Cheki mwezi pia. Usiku ule mwezi ulikuwa umeshapita kujaa siku mbili tatu, yani usiku unaanza na giza halafu baadaye mwezi unatoka, anayesema "nilimtambua kwa mwanga wa mwezi" magharibi tu ilipoingia anadanganya. Na cheki Ramadhani, watu wanasahau kabisa. Krismasi ya 1934 iliangukia ndani ya Ramadhani, na ya 1967 vilevile. Kama mpishi wako ni Mwislamu na chakula cha Krismasi ni cha mchana, yeye amefunga, hajaonja mchuzi. Kila siku nyingine angeonja na angesema mbona una ladha hii. Muuaji aliyejua hilo ni mtu anayemfahamu mpishi na anayefuata mwezi, hapo orodha ya washukiwa imepungua kwa nguvu ya kalenda tu. Mimi nikikuta kitu kama hiki kwenye rasimu nafurahi siku nzima.

SIMAMA: maneno ya Kisukuma, taratibu za utemi, za mazishi, za ngoma. Usibahatishe na usimwachie rafiki aliyezaliwa mjini. Tafuta mzee au bibi anayeijua lugha, msomee kwa sauti, na akikwambia "hapana mjukuu wangu, hatusemi hivyo" futa hapohapo.

Dalili: "Saa haziingiliani"

Sababu karibu zote ni moja, umechanganya saa zetu na saa za Kizungu bila kukusudia. Ratiba ya reli na meli ilienda kwa saa za Kizungu, mazungumzo ya watu yanaenda kwa saa zetu, na ukipanga stori kichwani kwa mfumo mmoja ukaandika kwa mwingine masaa sita yanapotea. Cheki: tengeneza jedwali la usiku wa mauaji, safu mbili, kila tukio liandikwe kwa mifumo yote miwili.

Ukishalisafisha, likoroge tena kwa makusudi. Barua ya Kiingereza inasema mgeni anafika saa 8, karani mpya anasoma saa nane, anapeleka mkokoteni stesheni saa nane mchana, hakuna mtu, maana mgeni alishafika saa mbili asubuhi akatembea mwenyewe mjini. Masaa sita hayo hakuna aliyemwona. Vilevile kuna wazee, hasa Waislamu, ambao kwao siku inaanza jua likizama, mzee wa namna hiyo akisema "usiku wa Jumatatu" anamaanisha ule wa Jumapili kuamkia Jumatatu, na inspekta mgeni ataandika tofauti kwenye karatasi yake. Shahidi amesema kweli na ushahidi umeandikwa uongo. Mpelelezi wa jikoni atalinasa hilo, inspekta hatalinasa.

Dalili: "Wamefiwa halafu wanakula pilau?"

Hapa nawaomba mtulie maana ndo pagumu. Stori za aina hii zinatakiwa ziwe na joto, msomaji ajisikie yuko nyumbani. Kwenye zile za Ulaya mwili unafungiwa chumbani na watu wanaendelea na keki. Sisi hatuwezi. Mtu akifa kwenye nyumba, nyumba imegeuka msiba, wanawake wanatandika mikeka, moto unawashwa nje, jirani asiyealikwa anakuja na kuni. Mwandishi akiruka hilo ili arudi haraka kwenye fumbo, msomaji wa Kiswahili anaona hawa si watu.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni hiyo, umeruka msiba. Rekebisho: usiupunguze, uingize na ufanye kazi ya upelelezi. Msibani kila mtu anafika, aliyechelewa anaonekana, asiyelia anaonekana, anayelia kuliko mke anaonekana zaidi. Anayetoa rambirambi kubwa kupita uwezo wake anaandikwa kwenye daftari. Usiku watu wanakaa nje kuzunguka moto na stori za marehemu zinaanza kutoka moja moja, za kumsifu kwanza, halafu karibu na alfajiri zile nyingine. Joto unalolitafuta liko hapo, mama asiyemjua marehemu anamshikia mjane kichwa mapajani mwake na wala haulizi kitu.

Halafu kuna jambo la mwili kutokaa. Hakuna jokofu la maiti gestini, ni Desemba, ni joto na mvua, mazishi ni kesho au keshokutwa. Hiyo inampa mpelelezi wako muda mfupi wa kuangalia, na wanaoosha mwili ndo watakaoona alama kwenye shingo au kwenye kiganja. Mwulize mwosha maiti kabla hujamwuliza daktari, ndani ya stori namaanisha. Kama marehemu ni Mwislamu haraka ni kubwa zaidi, na wanaomwosha wanaheshimu siri ya alichoonekana nacho, sasa una shahidi anayejua na hataki kusema kwa sababu nzuri kabisa.

Sababu ya pili ni kinyume chake, umezidisha. Mwili umeelezwa mpaka msomaji anaweka kitabu chini. Kata. Tuonyeshe kikombe kilichoanguka na ndala moja mlangoni, inatosha.

Sababu ya tatu, marehemu hana mtu wa kumlilia. Waandishi wanafanya hivyo ili stori isiwe nzito, lakini kifo kisichomgusa yeyote na fumbo lake halimgusi yeyote. Mpe hata mtoto mmoja aliyekuwa anapewa pipi.

Dalili: Ukiondoa Krismasi stori inabaki vilevile

Sababu: Krismasi yako ni mapambo. Cheki ni dakika moja, badilisha tarehe iwe Juni kichwani mwako, kama hakuna kinachobomoka basi sikukuu haifanyi kazi.

Angalia vitu vya sikukuu vinavyoweza kuwa ushahidi. Mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu ili wageni wote wale, kwa hiyo kuna kisu kimoja kinachojulikana na mtu mmoja anayejua kilikuwa wapi mara ya mwisho. Mazoezi ya kwaya usiku, sauti ya nne ikikosekana wimbo wa pili kila mwanakwaya anajua ni nani alitoka. Nguo mpya, mshonaji anajua nani alikuja kuongezewa kitambaa mkono wa kulia. Na komunyo. Kabla ya 1953 Mkatoliki aliyetaka kukomunika alifunga tangu usiku wa manane, hata maji hanywi. Sasa chukua misa ya asubuhi ya Krismasi 1938, Kilatini kinasomwa, watu wanapiga magoti, katekista anaona bibi mmoja mcha Mungu ambaye hajawahi kukosa komunyo amebaki kwenye benchi. Kisha gestini anakuta vikombe viwili vya chai vilivyotumika alfajiri chumbani kwa marehemu. Hakuna aliyemtuhumu bibi. Ila alikunywa chai na mtu aliyekuwa hai saa kumi na moja, wakati kila mtu anaamini alikufa saa sita usiku. Hapo Krismasi inashikilia stori yote, haiendi Juni.

Dalili: Katikati kunasinzia

Karibu kila mara ni mahojiano yamepangwa mstari, chumba namba moja, mbili, tatu. Vunja mstari, mahojiano yafanyike watu wakichambua mchele, wakichota maji, wakisukuma gari lililokwama kwenye tope. Ukishafanya hivyo na bado kunasinzia, ondoa mgeni mmoja, una watu wengi mno. Kama hujui umwondoe nani SIMAMA, mpe mhariri au msomaji mkali ambaye si rafiki yako, wewe umeshawapenda wote.

Dalili: "Huyu si marehemu babu yetu?"

Hii si ya kawaida lakini ikitokea acha kila kitu. Mtu amesoma rasimu akamtambua ndugu yake, gesti ni ileile iliyokuwa karibu na stesheni, jina umebadilisha herufi mbili tu, na kwenye stori umemfanya muuaji. SIMAMA, usitume sura nyingine kwa mtu yeyote, usijibizane na familia kwenye simu. Nenda kwa wakili na rasimu mkononi kabla haijachapwa popote, na kabla hujaenda andika pembeni ya kila kurasa kipi ulisikia kwa nani na kipi umetunga. Wakati unamsubiri unaweza kufanya haya: badilisha jina lote siyo herufi, badilisha kazi ya mhusika, hamisha gesti kutoka mjini iende upande mwingine wa ghuba, na kama kuna tukio la kweli la kifo ambalo watu wa mtaa bado wanalikumbuka, litoe lote. Kisha nenda kaisalimie hiyo familia kwa adabu, bila rasimu.